Daftari la Zamu na Gitaa la Jumamosi

Kwa miaka mingi ukoo mzima uliamini Babu alikuwa mtu wa reli. "Alikuwa Tazara," mashangazi walisema, na wasifu uliosomwa msibani mwaka 1994 ukarudia hivyohivyo. Miezi minane ya mwanzo ya kutafuta historia yake ikapotelea relini: barua tatu, safari moja ya Mbeya, na kama shilingi 180,000 za nauli na malazi, kumtafuta mtu ambaye hakuwahi kushika hata bendera ya kijani ya treni. Babu alikuwa Tazama, lile bomba la mafuta. Ni herufi moja tu. Mtu mmoja alisikia vibaya, akawalisha wengine wote.

Kilichotuamsha ni picha. Amesimama mbele ya geti la waya, ovaroli imemzidi, na mgongoni mwa picha kuna muhuri wa studio ya Morogoro na mwaka 1969 kwa wino. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza 1970, na tena reli hiyo haigusi mji wa Morogoro. Inayopita pale ni Reli ya Kati. Picha ilikuwa ukutani muda wote huo, ndani ya fremu, na hakuna aliyewahi kuangalia mgongo wake. Kabla hujaandika barua hata moja, fungua fremu zote za nyumbani. Ila picha ikiwa imeganda kwenye kioo, usiivute. Iache hapohapo uipige kupitia kioo, kwa sababu ukiivuta, uso wa mtu ndio unaobaki kwenye kioo.

Bomba la TAZAMA lina kilomita 1,710, kutoka Kigamboni hadi Ndola, Zambia. Lilitokana na siasa: Novemba 11, 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipoitangazia Rhodesia, Zimbabwe ya leo, uhuru wa upande mmoja, Zambia ikaharibikiwa na njia yake ya mafuta ya kusini. Mafuta yakawa yanapelekwa kwa ndege, na kwa malori yaliyopita barabara mbovu iliyopewa jina la Hell Run. Waitaliano wa Snamprogetti wakalaza bomba, na mwaka 1968 mafuta yakaanza kupita. Upande wa Tanzania vituo vya pampu vikawa Kigamboni, Morogoro, Elphons Pass, Iringa na Mbeya; upande wa Zambia, Chinsali na Kalonje.

Orodha hiyo ya vituo ilitufaa kuliko kitabu chochote. Baba mkubwa alizaliwa Morogoro, shangazi wa kwanza Iringa, baba yetu Morogoro tena, kitinda mimba Mbeya. Tulikua tukiambiwa Babu alikuwa mtu asiyetulia, na wapo waliotikisa kichwa wakisema ndivyo wapiga gitaa walivyo. Kumbe ni barua za uhamisho. Andika mahali alipozaliwa kila mtoto kwenye mstari mmoja, weka vituo vya kazi kwenye mstari wa chini yake, kisha linganisha. Kama mzee wako alikuwa "kwenye bomba" kabla ya 1968, uliza jambo moja mapema: alilipwa na nani? Vibarua waliochimba mtaro walikuwa wa mkandarasi, na usitegemee majina yao yabaki kwa mwenye bomba. Waliobaki kuendesha pampu ndio wenye namba ya ajira, barua ya uhamisho na cheti cha utumishi.

Sanduku la Babu lilikuwa na vitu kumi na vinne. Tunajua idadi kwa sababu mara ya pili tuliviorodhesha. Mara ya kwanza tulivimwaga kitandani, na mpangilio aliouacha mwenyewe ukapotea. Hilo lilituuma baadaye, kwani karatasi zilizofungwa pamoja na mtu huwa zinaelezana. Piga picha sanduku kabla hujagusa kitu, kisha kila unapotoa tabaka moja. Namba iandike kwa penseli laini, 2B, nyuma na pembeni. Kalamu ya wino inapenya hadi mbele.

Kosa kubwa lilifanywa kwa nia njema. Binamu mmoja alichukua cheti cha utumishi na kadi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, akaenda kuvilamineti ili "visiharibike". Joto likaufifisha mwandiko wa kadi, na plastiki ile haitoki bila kuchana karatasi. Muhuri wa malipo ya mwezi uliokuwa nyuma ya kadi, ambao ungetuambia alijiunga lini, sasa ni doa la zambarau. Karatasi ya zamani iwekwe ndani ya karatasi nyeupe safi, kisha kwenye bahasha kubwa, mahali pakavu na mbali na ukuta wa nje. Kwa skana, 600 dpi inatosha kwa barua na picha za kawaida. Picha ya pasipoti ipigwe kwa 1200. Hifadhi kwa TIFF, na nakala ya JPEG ndiyo utume kwenye simu. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na ile ya TIFF isipotunzwa, miaka miwili baadaye nakala iliyobanwa ndiyo pekee mtakayokuwa nayo. Hilo nalo limetupata.

Hazina yenyewe ilikuwa kijidaftari cha mfukoni chenye jalada jeusi, bila mwaka hata mmoja ndani yake. Kila ukurasa una safu ya siku na herufi: As, As, Mc, Mc, Us, Us, halafu nafasi mbili tupu. Pembeni namba za tangi, na hapa na pale majina ya nyimbo.

Herufi zile ni zamu. Pampu za bomba hazilali, kwa hiyo watu wanapokezana: asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nane mchana, mchana hadi saa nne usiku, usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Kwa kijidaftari chake, Babu alifanya mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, kisha siku mbili za mapumziko. Jumla ni siku nane.

Mwaka tuliupata kwa njia mbili. Kwanza, kurasa za mwanzo zinataja dizeli tu, za mwisho zinataja ghafi. Bomba lilianza kwa kusafirisha mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na mwaka 1973, kiwanda cha Indeni kilipofunguliwa Ndola, likageuzwa kupitisha mafuta ghafi. Daftari lile basi limeukanyaga mwaka huo kwa miguu miwili. Pili, kuna ukurasa ulioandikwa "Idi" kwenye siku ya zamu ya usiku. Kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ukijua siku ya juma na mwezi, miaka inayowezekana inabaki michache. Babu alikuwa Mkatoliki. Aliiandika Idi kwa sababu alimshikia zamu mwenzake.

Sasa fanya hesabu hii, maana ndiyo iliyotupa mtu mzima badala ya mtu wa hadithi. Mzunguko wa zamu ni siku nane, juma ni siku saba. Kwa hiyo Jumamosi haidondokei nafasi ileile ya mzunguko mara mbili mfululizo. Inazunguka nafasi zote nane ndani ya siku 56, kisha inaanza upya. Katika Jumamosi nane, mbili yuko mapumziko na mbili ametoka kazini saa nane mchana. Hizo nne ana jioni nzima. Mbili anatoka saa nne usiku, dansi limeshachanganya. Mbili yuko kituoni hadi alfajiri, na hakuna gitaa.

Tuliwahi kuwauliza wazee kwa nini Babu hakupiga solo, na kila mmoja alikuwa na sababu yake: hakuwa mzuri kiasi hicho, aliogopa jukwaa, alinyimwa. Jibu lilikuwa kwenye As, Mc, Us. Bendi haiwezi kumpa solo mtu anayekosekana Jumamosi mbili katika nane na kuchelewa nyingine mbili. Inampa ridhimu, au ule upande wa gitaa la pili ambao asipokuwepo wimbo bado unasimama. Ajira yenye mshahara wa kila mwezi ndiyo iliyoamua sauti yake katika muziki.

Na hapa lazima niseme juu ya hadithi ya Mbaraka. Kila familia ya Morogoro yenye mzee aliyewahi kushika gitaa inayo: "alipiga na Mbaraka." Mji ule ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ulikuwa na Morogoro Jazz iliyoanza miaka ya arobaini, na Mbaraka Mwinshehe akiwa humo hadi 1973 alipoondoka kuunda Super Volcano. Chini ya hizo kubwa kulikuwa na vibendi vya klabu, vya shule, vya kazini, ambavyo havikuingia studio hata siku moja. Babu alikuwa wa huko chini. Ukiipima hadithi ya familia kwa zamu na kwa miaka ya uhamisho, inabaki kwamba huenda alisimama karibu na jukwaa hilo, zaidi ya hapo hatuna cha kuonyesha. Baba mkubwa alinuna wiki mbili. Tuliiandika hivi: "Familia inasimulia kwamba," kisha ushahidi uliopo chini yake. Usiifute hadithi, wala usiipandishe cheo ikawa tukio.

Kuhoji wazee kuna namna yake. Swali "mwaka gani?" huua mazungumzo. Uliza "ilikuwa kabla ya Azimio au baada?", "wakati wa foleni za sukari?", "vita vya Amini mlikuwa mnaishi wapi?" Azimio la Arusha ni Februari 1967, vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979, na mtu hakosei alikuwa wapi. Wanamuziki wenzake watakusimulia safari na vyombo. Wake zao ndio wanaojua tarehe, kwa kuwa wao ndio waliokaa wakingoja. Wahoji wawili wawili kama mnaweza, maana husahihishana. Kinasa sauti kitoe baada ya chai, si kabla ya shikamoo, na uombe ruhusa kwa sauti ili ruhusa nayo irekodiwe. Mzee mmoja tulimwendea mara ya kwanza na maswali 32 yaliyochapwa. Alijibu manne, akasema amechoka. Mara ya pili tulikwenda na ile picha ya geti tu, na tukatoka saa mbili usiku.

Kwenye ofisi, anza na zilizo karibu. Kitabu cha ubatizo parokiani kilitupa zaidi ya tarehe: vitabu vya zamani vimeandikwa Kilatini, na pambizoni huongezwa kipaimara na ndoa, hata ndoa ikifungwa parokia nyingine. Omba waangalie pambizo, usiombe cheti peke yake, kwa sababu karani mwenye haraka atanakili mstari wa katikati tu. Majina yageuze: Yosefu atakuwa Josephus. Tafuta pia kwa R na L zikibadilishana, na kwa jina la baba likiwa mbele. Makaburasha ya mfuko wa akiba wa wakati huo, NPF, ambao mwaka 1997 ulizaa NSSF, yanatafutwa kwa namba ya uanachama. Bila namba, jina pekee ni kutafuta sindano kwenye pumba. Nyaraka za Taifa pale Upanga ni nzuri kwa mambo ya Mjerumani na Mwingereza, hazitakupa opereta wa pampu. Kwa magazeti, nenda East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ngurumo lilikufa 1976, Uhuru linaendelea.

Faili ambalo hatukulifikiria ndilo lililotikisa nyumba: la mirathi, Mahakama ya Mwanzo. Ndani yake huwa kuna Fomu Namba I ya maombi, muhtasari wa kikao cha ukoo, orodha ya mali kwenye Fomu V na mgawanyo kwenye Fomu VI. Tuliomba kwa barua kupitia msimamizi wa mirathi, tukitaja mwaka na jina kwa kuwa namba ya shauri ilikuwa imepotea. Karani alilipata kwenye rejista siku ya tatu. Orodha ya mali ilisema: baiskeli moja, redio kaseti moja, gitaa kavu moja "bovu". Muhtasari wa kikao ulitaja watoto saba. Sisi tulijua sita.

Wa saba alizaliwa Mbeya. Wazee waliokaa kikao kile mwaka 1994 walimjua, walimpa fungu lake, wakafunga midomo miaka karibu thelathini. Bibi naye alijua. Walioumia ni mashangazi, na waliumia kwa sababu mmoja wetu alipiga picha ukurasa ule akaurusha kwenye kundi la familia saa tano usiku, bila neno. Shangazi mmoja alijitoa kundini, na hadi leo hajarudi. Hatuna hila ya kufuta kosa hilo. Kama faili la mirathi litaingia kwenye utafiti wako, mkubaliane kabla nani atalisoma kwanza, na kwamba jambo la mtu aliye hai halitoki humo hadi mwenyewe aulizwe. Huyo wa saba aliulizwa miezi mitano baadaye, ana kwa ana. Alikuwa na picha mbili za Babu ambazo sisi hatukuwa nazo, na alikuwa nazo mgongo ukiwa umeandikwa vizuri.

Zimebaki kaseti. Zilikuwa kumi na moja, na leo ni kumi. Ile moja tuliipeleka kwa fundi aliyetuahidi kuzihamisha zote kwa bei nafuu. Akaiweka kwenye redio ya barabarani yenye mpira uliochoka, ikaliwa. Baada ya hapo tulinunua deki iliyotumika kwa shilingi 150,000 na kisanduku cha kuingiza sauti kwenye kompyuta kwa 120,000, tukaifanya kazi wenyewe.

Vunja kwanza vijino viwili vya juu vya kaseti ili isirekodiwe juu yake. Angalia kisponji kidogo chini ya utepe. Gundi yake hukauka na kisponji kikidondoka sauti inakuja na kupotea. Kaseti yenye skrubu inafunguka, iliyogandishwa unaikata kwa wembe mshononi na kuhamishia utepe kwenye ganda jipya. Ukiona unga mweupe wa ukungu, usiicheze kabisa hadi isafishwe, maana itaambukiza hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, na kaseti zinazofuata. Izungushe mbele hadi mwisho na kurudi kabla ya kurekodi, ili utepe ulegee. Hedi isafishwe kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, kila baada ya kaseti moja. Zile ndefu za dakika 120 zina utepe mwembamba sana, ziache mwisho, ukiwa mkono umeshazoea. Rekodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48. Sauti ikiwa imefubaa, usiseme utepe umezeeka: geuza skrubu ndogo ya pembeni mwa hedi robo mzunguko, taratibu, hadi matoazi yang'ae. Kaseti saba kati ya zetu zilipona hivyo.

Moja ilitushinda kwa njia nyingine. Ilikuwa dansi la ukumbini, na Bibi alipoisikiliza mara ya kwanza akasema, "Huyo anayeitikia si babu yenu. Huyo ni mtoto." Tuliiandika kuwa ya bendi nyingine, tukaiweka kando karibu mwaka.

Tatizo lilikuwa betri. Redio kaseti iliyorekodi ilikuwa ikiishiwa moto, mota ikazunguka polepole, na utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwenye deki nzima unakimbia. Ukumbini lakini palikuwa na umeme wa gridi, na amplifaya ilikuwa ikinguruma. Umeme wetu ni hezi 50, na ngurumo ya amplifaya husikika zaidi kwenye 100. Tulichukua sekunde kumi na mbili za ukimya kati ya nyimbo za mwisho, tukaangalia kwenye programu ya Audacity: 106. Utepe ulikuwa unakwenda kwa kasi ya 53 badala ya 50, yaani nusu toni nzima juu. Ukirekebisha, chagua amri inayobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, uishushe hadi asilimia 94.3. Pima tena katikati na mwisho wa kaseti, kwa sababu betri inazidi kuchoka. Yetu ilianza 103 ikaishia 106, kwa hiyo ilibidi irekebishwe vipande vipande. Na kompyuta iendeshe kwa betri wakati wa kuhamisha, usije ukapima ngurumo ya nyumba yako mwenyewe.

Tulimpelekea Bibi faili lililorekebishwa, kwenye spika ndogo, bila kumwambia tulichofanya. Nyimbo tatu za kwanza zina gitaa moja na besi. Ya nne ikianza, kuna kishindo cha waya ukichomekwa, watu wanacheka, na gitaa la pili linaingia katikati ya ubeti.

"Huyo sasa," alisema. "Ametoka zamu ya mchana."